Saa za Zamu ya Usiku

Jumatatu asubuhi Kristina Mkude alikuta grafu yake imebandikwa kwenye ubao wa matangazo nje ya kantini. Ilikuwa imekuzwa kwa fotokopi mpaka ikalingana na gazeti lililokunjuliwa, na chini yake jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa utadhani anagombea ubunge. Pembeni palikuwa na karatasi ya pili, fupi, yenye muhuri. Hiyo ilikuwa na majina manane ya watu wa zamu ya usiku, waliosimamishwa kazi kwa udanganyifu. Jina la kwanza lilikuwa la Bonifasi, kaka wa mama yake, tumbo moja.

Watu walikuwa wanasoma huku wanatafuna maandazi. Hayo maandazi ndiyo yaliyomtia kinyaa kwanza. Mtu anasoma kwamba mwenzake ni mwizi, mafuta yanamchuruzika kidoleni, anajilamba, kisha anasogea ampishe mwingine naye asome. "Kompyuta haina upendeleo," alisema mmoja wa idara ya usafirishaji, ambaye kompyuta yenyewe aliiona kupitia dirisha la kioo tu. Kristina alimpita bila salamu, akaingia ofisini kwake, akafunga mlango.

Asije mtu akadhani alijifungia alie. Alikuwa na hasira, ndiyo, lakini asubuhi ile hasira yake ilikuwa kwa mjomba. Aliamini kila nukta ya ile grafu. Kilichomuudhi kwa upande wa Meneja ni kwamba aliichukua ikiwa bado rasimu, kabla haijapigiwa hesabu ya mwisho, akaitundika hadharani.

Mambo yalianza hivi. Shirika la Hesabu za Mazao lilikuwa na kompyuta moja kubwa, katika yale madude ya zamani yanayojaza chumba kizima, na wafanyakazi waliiita Bibi. Tangu mwaka 1981 Bibi alikaa kwenye chumba chake cha baridi, chini ya mlima mjini Morogoro, njia ya kwenda Bigwa, akila umeme na kutema orodha za wakulima na uzito wa pamba, mkonge na miwa. Kisha zikaja zama za kubinafsisha, kila kitu kikawa kinatafutiwa mwekezaji, hata vyoo. Mwaka 2001 ilifika zamu ya shirika. Tume kutoka Dar es Salaam ikataka ripoti: Bibi bado anafaa? Anafanya kazi saa ngapi kwa siku, na anamfanyia nani?

Gervas, Meneja Mkuu, alimkabidhi kazi hiyo Kristina, mtaalamu wake wa kompyuta. Gervas alikuwa mtu wa manukato mengi, mwenye ukucha mrefu wa kidole cha mwisho, ambao aliutumia kufungulia bahasha na, Mungu atusamehe, kuchokolea sikio. Alikwisha kuahidiwa na wanunuzi kwamba atabaki kwenye kiti chake, mradi awakabidhi shirika likiwa na watu wachache. Hilo kila mtu alilijua na hakuna aliyelisema mbele yake.

Programu za takwimu za kununua zilikuwa na bei ya kumtoa mtu machozi. Kristina akamwendea Frank, mtoto wa dada yake, aliyekuwa akisomesha takwimu chuoni. Frank akampa sidii moja isiyo na jalada, imeandikwa kwa kalamu herufi moja tu: R.

"Mama mdogo, hii haiuzwi," alimwambia. "Walioitengeneza wameiacha wazi. Ukitaka unaifungua tumboni unaona kila inachofanya, na unamgawia yeyote."

"Na anayeigawa bure anakula nini?"

"Hilo hata mimi huwa najiuliza."

Akaizoea ndani ya wiki tatu. Unaiandikia mistari ya maagizo, moja baada ya nyingine, nayo inatii bila maswali. Hapo ndipo utamu wake ulipo, na hapo ndipo ilipomtia aibu, maana haikuulizi kama una akili timamu.

Bibi alikuwa na desturi ya kuandika habari zake mwenyewe. Kila baada ya dakika tano alirekodi prosesa ina shughuli kiasi gani, diski zinazunguka vipi, kazi ngapi ziko foleni. Hakujua tu kazi ni ya nani. Hilo liliandikwa na binadamu kwenye daftari la zamu: saa fulani tumepakia kanda ya hesabu za pamba, saa fulani tumechapa orodha za mkonge. Kristina akatoa kumbukumbu za Bibi za miaka miwili, akazihamishia kwenye kompyuta ndogo ya mezani. Madaftari akampa Happiness, katibu muhtasi, ayachape yote kama yalivyo. Kisha akaandika mstari wa kuziunganisha hizo mbili kwa tarehe na saa.

Zamu ya mchana na ya jioni zilikaa sawasawa: Bibi akihema, daftari linasema kwa nini. Zamu ya usiku ilikuwa balaa. Kuanzia saa nne ya usiku, watu walipoingia, mpaka saa tisa, Bibi alikuwa anafanya kazi kama punda wa kukodi, na daftari halina hata neno. Halafu saa kumi ya alfajiri Bibi amelala fofofo, na daftari linaanza kujaa kazi. Yaani watu wa usiku walikuwa wanauza saa za Bibi kwa watu wa nje, na kulipokaribia kucha wanajaza daftari kwa uongo. Hakukuwa na maelezo mengine ambayo Kristina aliyaona, na kusema kweli hakuyatafuta.

Kulikuwa na jambo moja. Mistari mia sita na kitu ya daftari la usiku ilikuwa na saa zilizo nje ya zamu kabisa, saa za asubuhi ambazo watu hao wangekuwa nyumbani wamelala. Kristina akaziita makosa ya uchapaji. Akaandika agizo fupi la kuzitupa, na R ikazitupa bila kuguna. Hakufungua hata moja kuitazama.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Gervas alikuja akasimama nyuma yake, manukato yakamfikia kabla ya sauti. Aliitazama grafu kwenye kioo muda mrefu, ukucha umetulia juu ya mdomo. Kisha akasema, "Safi sana. Nichapie nakala." Kristina akamwambia bado, ni rasimu, ana mambo ya kuhakiki. "Utahakiki Jumatatu," akasema Gervas. Kristina akaichapa.

Siku mbili zilizofuata zilikuwa mbaya. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye anayekupa kipande cha shamba, ndiye anayekaa mbele ukiposwa, ndiye anayekuzika. Bonifasi alikuwa amefanya zaidi ya hapo. Alimtoa Kristina kijijini Mgeta mwaka 1981, akamwombea nafasi ya kupanga kadi za kutobolewa alizokuwa akilishwa Bibi, akamtetea mpaka akapelekwa masomoni. Jumamosi alimletea njegere, kama kawaida yake akitoka shambani Towelo. Kristina alizipokea kwa ncha za vidole. Alipoondoka, akazimwaga kwa kuku wa jirani. Kila alipokumbuka ile mikono yenye udongo ikiandika uongo alfajiri, moyo ulimchafuka. Jumapili, baada ya misa, alimwona amesimama mlangoni mwa kanisa anamsubiri. Akapitia mlango wa pembeni.

Sasa turudi Jumatatu, ofisini, mlango umefungwa. Kristina aliamua aimalize ripoti upesi asiione tena. Kilichobaki kilikuwa kiambatisho kidogo: kueleza kwa nini kumbukumbu za Bibi zilikuwa na pengo la robo saa tarehe kumi na mbili Machi, kuanzia saa 23:10 mpaka 23:25. Tume ingeuliza. Akaenda stoo, akachukua daftari lenyewe la karatasi, si lile lililochapwa, akafungua tarehe hiyo.

Mwandiko wa mjomba, wa kuinamia kushoto: "5:10 umeme umekatika. Mvua kubwa. 5:25 jenereta imewaka. Mashine salama."

Alikisoma kile kipande, akageuza ukurasa, akarudi. Saa tano na dakika kumi. Saa tano ya usiku. Ndiyo ile ile robo saa ya pengo, 23:10 mpaka 23:25.

Ukutani kwa Bibi kulikuwa na waraka wa mwaka 1985 unaoagiza saa zote ziandikwe kwa mtindo wa mashine, wa saa ishirini na nne. Vijana wa mchana na jioni, wanaopitiwa na wakubwa, waliufuata. Wazee wa usiku hawakupitiwa na mtu. Waliandika saa kama wanavyozisema nyumbani: saa nne wameingia, saa saba wanakula kiporo, saa kumi na mbili wanaondoka. Ile mistari mia sita aliyoitupa ndiyo ilikuwa kazi yao, kuanzia saa sita ya usiku na kuendelea.

Kristina aliketi juu ya boksi la karatasi za printa. Mtu mzima, amezaliwa mlimani, tangu utoto anaambiwa amka ni saa kumi na moja ukachote maji, leo ameisahau saa ya kwao! Amekaa kwenye kiyoyozi miaka mingapi mpaka akaoza hivi? Alijiona mchafu, na uchafu wenyewe si wa kuoga ukatoka.

Kurekebisha kulichukua mstari mmoja. Ongeza kumi na nane kwenye saa za zamu ya usiku. Ikifika au kuzidi ishirini na nne, toa ishirini na nne. Akalifuta lile agizo la kutupa. R ikachora upya, na Bibi na daftari wakaenda pamoja usiku kucha, mwaka mzima, mwaka wa pili. Kila Bibi alipohema palikuwa na mzee ameandika kwa nini. Hapakuwa na hata saa moja iliyouzwa. Tena zamu ya usiku ndiyo iliyokuwa na kumbukumbu safi kuliko zote, kwa sababu vijana wa mchana wakati mwingine walisahau kuandika.

Akakimbilia kwa Meneja na karatasi mkononi. Gervas alikuwa anakunywa supu ya makongoro, leso imechomekwa kolani. Alimwacha aeleze mpaka mwisho. Alinyonya mfupa, akauweka kando, akajifuta.

"Bi Kristina," alisema, "mimi nimezaliwa Kilosa. Unadhani sijui saa nne ni saa ngapi?"

"Ulijua?"

"Tangu Ijumaa, nyuma ya kiti chako. Nilishangaa wewe huoni."

Kristina alitazama ule mfupa sahanini, na alama za meno juu yake. "Umewaita watu wezi unajua si wezi."

"Sikuwaita mimi. Grafu imewaita, na grafu ina jina lako." Akatabasamu, uzi wa nyama umebaki kwenye jino. "Wanunuzi wanataka watu wanane wapungue. Kuwapunguza kwa utaratibu ni miezi sita ya barua na wanasheria. Wewe umenipa njia ya siku moja. Jumatano tume inakuja. Ukinyamaza, utakuwa mkuu wa kitengo. Ukisema, utasema nini? Kwamba ripoti yako ni takataka, na mshukiwa wa kwanza ni mjomba wako? Na nani atarudia hesabu zako hapa Morogoro? Programu hizo watu hawana."

Kristina alikunja karatasi yake. Akatoka, akapita kantini, ambako bado walikuwa wanatafuna.

Jumatano tume ilifika imechelewa, gari lao lilipata pancha Mikese. Aliyeongoza alikuwa Bi Janeth, mhasibu mwembamba wa miwani, mwenye sura ya mtu aliyekwisha kudanganywa na mashirika ishirini kabla ya hili. Wafanyakazi waliitwa ukumbini. Wazee wanane wa usiku walikaa mstari wa nyuma, wamevaa makoti. Gervas alisoma ripoti yake kwa sauti ya padri, akitamka "kisayansi" kila baada ya sentensi mbili.

Alipomaliza, Kristina alisimama.

"Hiyo grafu ni yangu na ni ya uongo," alisema. "Kosa ni langu. Nilichukua saa za wazee wetu nikazisoma kama saa za mashine. Na zile zilizonikataa nilizitupa."

Ukumbi ukaguna. Gervas akasimama haraka, kwa huzuni ya kujitengenezea. "Bi Janeth, tumsamehe. Bonifasi ni mjomba wake. Kwa kabila lao mjomba ni kila kitu."

Bi Janeth alimtazama Kristina juu ya miwani. "Ni kweli ni mjomba wako?"

"Ni kweli. Ndiyo maana nisiaminiwe mimi." Akamwekea mezani ile sidii ya Frank na diski mbili. "Hapa kuna programu, hainunuliwi, haina leseni ya kuomba. Hapa kuna data yote, na mistari arobaini na miwili ya maagizo, nakala ya kwanza yenye makosa na ya pili iliyosahihishwa. Ifungue kwenye kompyuta yako. Usimwulize Meneja, wala mimi. Anza na tarehe kumi na mbili Machi, umeme ulipokatika."

Bi Janeth alikuwa na kompyuta ya mkobani. Alichukua robo saa kuiweka R, akaomba daftari la karatasi, akalifungua mwenyewe. Alisoma mstari, akatazama kioo, akasoma mstari mwingine. Akaruka mwezi, akachagua tarehe kwa kushtukiza, akaruka tena. Baada ya tarehe ya sita akavua miwani.

"Barua za hawa wazee zifutwe leo," alisema. "Meneja, ulihakiki kabla ya kubandika?"

Hapa ndipo mtu anapotamani dunia iwe na haki. Gervas hakutikisika. "Nilimwamini mtaalamu wangu," alijibu kwa upole. "Ni kosa la kiufundi la Bi Kristina, amelikiri mwenyewe. Nitampa onyo la maandishi." Kristina akaeleza mazungumzo ya Jumatatu, neno kwa neno. Gervas akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema mama huyu amechoka, tumpe likizo. Hakukuwa na shahidi zaidi ya ule mfupa. Bi Janeth aliandika kitu, akafunga daftari lake. Wakati wa kuondoka Gervas alimfungulia mlango wa gari, na ukucha wake ukagusa mkono wa yule mama. Kristina alimwona Bi Janeth akijipangusa kwenye sketi.

Alhamisi jioni Kristina alipanda Towelo kwa miguu. Alikuwa na ile grafu iliyosahihishwa ndani ya bahasha, na barua ya kurudishwa kazini ambayo aliomba aipeleke yeye. Alimkuta Bonifasi kwenye tuta la juu, anafunga vitunguu mafungu kwa kamba ya mgomba, mkewe Juliana yuko jikoni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

Bonifasi aliisoma barua, akaikunja, akaitia mfukoni. Grafu aliitazama muda mrefu zaidi. Kristina akamwonyesha kwa kidole: huyu ni Bibi, hili ni daftari lenu, hapa ndipo mvua iliponyesha. Mzee akaitikia kila pahali kwa kichwa. Aliikumbuka ile mvua, akasema jenereta iligoma mara mbili, ikawabidi waisukume watu watatu.

"Kwa hiyo yule bwana alijua tangu mwanzo," alisema.

"Alijua, mjomba. Mtu yule ni uchafu. Nikimwona natamani kutapika."

"Na wewe ulijua lini?"

"Jumatatu, niliposoma mwandiko wako."

Bonifasi akafunga fungu moja, akalipanga. "Kabla ya Jumatatu?"

Kristina alitazama chini. Angeweza kusema alikuwa na mashaka. Angeweza kusema aliumia, na hilo lingekuwa kweli.

"Niliamini," alisema. "Siku tatu."

"Hukuja kuniuliza."

"Sikuja."

Mikono ya mzee iliendelea kufanya kazi, ikatoa majani makavu, ikakaza kamba. Alipozungumza hakupandisha sauti.

"Gervas namwonea hasira, na hasira huisha. Hanijui, simjui. Wewe, mwanangu, nakuonea kinyaa. Hicho sijui kinaisha vipi."

Kisha akageukia jikoni, akamwita mkewe atoe kiti, mgeni amesimama muda mrefu.